Mpishi Hayumo Kitabuni

9 Mei

Wifi yangu Mwalimu,

Kitabu kimefika salama, na ahsante kwa kunikumbuka. Adabu nimetimiza, sasa niseme la moyoni: sikipendi.

Najua utaruka. Najua unakifundisha mwaka nenda mwaka rudi, na kwamba bibi zetu walikisoma na wajukuu watakisoma. Mimi nimefika katikati na sijaona kitu. Wanawake watatu wamekodi nyumba kando ya ziwa kwa kiangazi kizima. Mke wa hakimu ana huzuni. Mjane ana huzuni na farasi. Mwalimu wa piano ana huzuni na kikohozi. Wanakaa barazani wanatazama maji, kisha mmoja anasema, "Nahisi kitu kinafunguka ndani yangu," na wenzake wananyamaza kurasa tatu nzima. Wifi, mimi kikinifunguka kitu ndani naenda hospitali.

Halafu chai! Kila wakigeuka chai iko mezani. Mkate umekatwa, vitanda vimetandikwa, zile nguo zao nyeupe zimepigwa pasi. Na nani? Nilirudi nyuma kutafuta, nikidhani nimeruka ukurasa. Kuna mahali pamoja tu, mstari mmoja, ambapo mpishi "alifunga mlango wa jikoni polepole." Basi, kwisha. Hana sura, hana sauti, kazi yake ni kutosumbua watu wenye huzuni.

Ningekiweka kabatini yangeisha. Lakini unamjua mama yako. Tangu macho yamwishie, chochote chenye maandishi kikiingia humu ndani lazima asomewe, hata karatasi ya maelekezo ya sumu ya panya. Alisikia bahasha ikichanika akauliza, "Nini hicho?" Sasa kila alasiri naacha cherehani, mapazia ya hoteli ya watu yamelala sakafuni yananisubiri, na mimi namsomea habari za watu wanaotazama maji. Na yeye anakipenda! Anafumba macho, anatabasamu, ananiambia, "Rudia hapo pa mawingu."

Barua hii tu ndiyo hatasomewa, nitamwambia umemsalimu. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu, kwa sababu simu ya nyumba hii hata ukinong'ona anakusikia akiwa chumbani kwake. Macho yamekwenda, masikio yamechukua zamu mbili.

Utakuja shule ikifungwa? Bega la kulia linaniuma, na kumwinua Mama kitandani asubuhi si mchezo.

Wifi yako,
Fundi


20 Mei

Wifi Fundi,

Farasi! Umepewa kitabu kinachowatoa watu wazima machozi, ukaona farasi.

Hebu nikueleze taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wa watu. Wale wanawake hawakai bure. Wamebanwa na maisha ya watu wengine mpaka wamesahau yao. Mke wa hakimu hajawahi kuulizwa anataka nini, tangu azaliwe. Kile kimya cha kurasa tatu unachokicheka ndicho kitabu chenyewe. Wanafunzi wangu wanaelewa, na wengine ndiyo kwanza wanabalehe. Wewe mtu mzima unakaa kuuliza nani kakata mkate. Riwaya haisomwi kwa kuhesabu vyombo, wifi.

Nilikuletea kwa sababu najua hupumziki. Nikasema angalau usome kuhusu mahali penye utulivu. Mwingine angeshukuru akaishia hapo.

Kuhusu kuja, likizo hii ya Juni haiwezekani kabisa. Nimebebeshwa mitihani ya kusahihisha, rundo linakaribia dari, nitafungiwa nayo likizo nzima. Unajua ningependa. Muone daktari kwa hilo bega, usilidharau.

Mama msalimie sana. Na ukifika sura ya mvua soma polepole, tafadhali, usiikimbize kama unashona pindo.

Wifi yako akupendaye hata ukimkera,
Mwalimu


2 Juni

Wifi,

Kimekwisha. Mke wa hakimu amepanda treni "akiwa na macho mapya," yale ya zamani sijui kamwachia nani. Nikafunga kitabu nikashukuru Mungu. Mama akapapasa kando yake mpaka akanishika goti.

"Anza tena," akasema.

Nilijaribu kila njia. Nikamwambia tusome magazeti. Akasema magazeti yanampandisha presha. Nikamwambia sauti imenikauka. Akasema nitachemshiwa tangawizi, na nilitaka kumwuliza itachemshwa na nani, nikauma meno. Basi nimeanza tena toka ukurasa wa kwanza, ziwa, ukungu, farasi. Nakuapia, safari hii sijui nitavumilia vipi.

Daktari wa bega sijamwona. Nikienda mimi, nani anabaki na Mama? Mapazia ya hoteli yamechelewa na mwenye hoteli amenuna.

La kuchekesha ni kwamba Kicheko na Sindano walipita juzi. Unawakumbuka, wale niliokuwa nao kiwanda cha nguo kabla sijaolewa kwenu. Wamepata nyumba ya kukodi ziwani mwezi wa Agosti, na chumba cha tatu kiko wazi. Wananialika kila mwaka, nami kila mwaka nawaambia mwakani. Safari hii nilipofungua mdomo, Sindano akanitangulia: "Mwakani." Tukacheka sote watatu. Walipoondoka nikakaa kwenye cherehani bila kukanyaga kwa muda mrefu.

Pole na mitihani.

Fundi


5 Julai

Wifi Fundi,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, mitihani ilinimaliza.

Wiki iliyopita nilizungumza na Mama kwa simu, akasema umetoka kupeleka mapazia. Hatukuongea kitu kingine ila kitabu. Nilifurahi mno, nikasema angalau humo nyumbani kuna mtu mmoja mwenye ladha. Nikamwuliza ni sura gani anaipenda kuliko zote. Bila kusita akasema, "Za mpishi."

Nikamwuliza, mpishi yupi, Mama?

Akanisimulia. Ile sehemu mjane anaporudisha yai la kuchemsha mara ya pili, na mpishi anaingia jikoni kuzungumza na sufuria kana kwamba ndiye mjane. Ile ambapo mpishi anasema kama kuna anayehisi kitu kinafunguka, ahakikishe si kifungo cha gauni, maana hana uzi. Halafu ile ya lango, ambapo rafiki zake wawili wamekuja na mizigo wanamsubiri, na yeye anafuta mikono kwenye aproni anawaambia, mwakani. Mama alipofika hapo sauti yake ilibadilika.

Fundi, kitabu hiki nimekifundisha tangu nina kiuno. Hakina yai. Hakina lango. Nilipekua nakala yangu ya darasani mpaka jalada likabanduka. Nikamwuliza mwenzangu wa chumba cha walimu, akasema huenda ni toleo la zamani, lenye sura ambazo zilipunguzwa baadaye. Nikashikwa na furaha, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu kumwambia kwamba wifi yangu, fundi wa mapazia, ana toleo lisilojulikana. Ananiuliza kila asubuhi limefika wapi.

Usiku wa kuamkia leo nikakumbuka kwamba nakala hiyo nilikununulia mwenyewe, duka lilelile, siku ileile, pamoja na yangu.

Unamsomea nini mama yangu?

Mwalimu


14 Julai

Wifi,

Namsomea kitabu chako. Nimeongeza mtu mmoja tu.

Sikupanga. Tulikuwa kwenye ile sehemu chai inafika mezani na mjane anaitazama "kwa macho ya mbali," ikapoa, ikaondolewa. Mdomo wangu wenyewe ukasema, "Mpishi akaichukua akasema, hata ya jana hukuimaliza, mama, unadhani maji yanajichota?" Nikashtuka. Mama naye akacheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongoni. Hajacheka hivyo tangu tumzike kaka yako. Kesho yake, kabla sijaketi, akaniuliza, "Mpishi leo vipi?" Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kwa hiyo mpishi akabaki. Akapata bega bovu, akapata ulimi. Wale watatu wakaendelea kutazama maji kama kawaida yao, sikuwagusa, hata koma yao moja. Mwambie mwalimu mkuu wako atulie.

Ile ya lango, sawa, hiyo ilinitoka. Mama akauliza, "Kwa nini haendi na wenzake?" Nikamjibu kama ninayesoma: "Kwa sababu nani atawapikia?" Mama akageuzia uso ukutani, akasema amechoka, tusome kesho.

Na mimi nina swali langu. Juzi tulikuwa pale wanapoingiza miguu ziwani wanapiga kelele kwa baridi. Mama akasema, "Ndivyo hasa mwanangu alivyoniambia, maji baridi mpaka kwenye mifupa." Nikauliza, alisema lini? "Juni, alipokwenda na walimu wenzake." Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Umri wote ule na bado hajui kudanganya, maskini, na wewe ukamtwisha siri.

Siku hizi mitihani inasahihishwa miguu ikiwa ndani ya maji?

Sikiliza nikuambie. Hukunikera kwa kwenda. Mtu anayefundisha watoto wa watu mwaka mzima ana haki ya kwenda. Kilichonichoma ni kwamba uliketi ukafunga kile kitabu kwa karatasi nzuri, ukaandika jina langu juu yake, huku unajua. Ulikwenda wewe, mimi ukanipa kusoma.

Na sikipendi. Sasa najua na sababu.

Mke wa kaka yako


18 Julai

Wifi yangu,

Umesaini kama karani wa mahakama, na imeniuma.

Nisikilize na mimi. Mitihani ilikuwepo, niliimaliza mapema, kisha wenzangu wakawa na nafasi, na zilikuwa siku chache tu. Nilitaka kukuambia. Kila nikishika kalamu nikaona hata nikisema vipi itasikika vibaya, basi nikaona heri ninyamaze. Na kitabu nilikuletea kwa nia njema, hilo niamini. Nilikinunua kabla hatujapanga safari yoyote. Karibu kabla.

Lakini pia nikwambie, na wewe una lako. Ungeniandikia waziwazi, "Njoo, nimechoka," ningekuja. Wewe unaandika farasi, unaandika panya, unaandika mwenye hoteli amenuna, bega unalitupia kwenye mstari wa mwisho kama habari za hali ya hewa. Mimi si mganga wa kusoma mawazo.

Na sura ya mvua usiiguse.

Mwalimu


29 Julai

Wifi,

Hujanijibu. Mama amejibu kwa niaba yako.

Alinipigia jana asubuhi, akamwomba jirani ambonyezee namba, wewe ukiwa sokoni. Salamu yangu hakuipokea. Nakuandikia alivyosema, maana nimekaa nayo tangu jana na sijui niiweke wapi.

Alisema, "Wewe na wifi yako mnadhani nimepoteza akili. Nimepoteza macho tu. Mwanamke wa kitabuni aumwe bega lilelile la kulia, akasirikiwe na mwenye hoteli, awe na marafiki wawili wa kiwandani, mimi nisijue ni nani? Nilijua siku ya kwanza, kabla sijamaliza kukohoa."

Nikamwuliza, sasa mbona ulinyamaza?

"Kwa sababu kwa mdomo wake haniambii kitu. Nikimwuliza umechoka, anasema hapana Mama. Nikimwuliza unaumwa, anasema kidogo tu Mama. Mpishi ananiambia kila kitu. Nilikuwa namngojea mchana kutwa nimsikie. Nikawa naogopa kwamba siku moja mpishi atasema anaondoka zake. Halafu akafika langoni na wenzake wapo, na mizigo ipo, na hakuondoka. Hapo ndipo niliona haya, mwanangu. Niliona haya mpaka nikaugeukia ukuta."

Nililia, wifi. Chumba cha walimu, mbele ya mwalimu mkuu, ambaye alidhani nalilia lile toleo.

Kisha akamaliza mambo kama anavyoyamaliza yeye: "Kitabu umeshakifundisha vya kutosha. Njoo upike."

Uliyoandika ni kweli yote. Niliyokujibu yalikuwa maneno ya mtu aliyebanwa mlangoni. Nisamehe.

Nimeomba ruhusa shuleni, nafika tarehe mbili Agosti kwa basi la asubuhi. Waambie Kicheko na Sindano wasimpe mtu chumba cha tatu. Na usiandike kubisha, barua haitanikuta.

Mwalimu


9 Agosti

Fundi, popote ulipo na miguu yako majini,

Naandika jikoni nimesimama kwa sababu nikikaa Mama ataita.

Naomba unijibu upesi. Moja, lile jiko la upande wa kushoto linawashwaje bila kuniunguza nyusi? Unyusi wa kushoto umebaki nusu. Nyingine, Mama anasema uji wangu una mawazo mengi. Sijui maana yake na sitaki kujua. Na mwenye hoteli alikuja kuuliza mapazia yaliyobaki, nikamjibu kwa sauti ya darasani, akaomba radhi na kuondoka, kwa hiyo hilo usijali.

Kumwinua asubuhi! Mbona hukusema? Ndiyo, ulisema. Mbona sikusikia?

Lakini balaa ni alasiri. Nilikichukua kitabu kwa heshima zote, nikamsomea kinavyostahili kusomwa, na vituo vyake, na kimya chake. Akasikiliza kurasa mbili. "Umeruka," akasema. Nikasema sijaruka neno. "Mpishi yuko wapi?" Nikajaribu kumtengeneza, wifi, nakuapia nilijaribu. Nikamfanya aseme neno kuhusu vitunguu. Mama akanisikiliza kwa huruma, kama mimi ninavyowasikiliza wanafunzi wanaofeli, akasema, "Huyo siye." Miaka yote nakifundisha kitabu hiki, na mama yangu mzazi hakitaki bila wewe.

Nimekisoma tena peke yangu, baada ya vyombo. Nimefika pale mpishi anapofunga mlango polepole, nikasimama hapo. Nimekuwa nikiupita mstari ule kila mwaka. Jana nilijikuta nataka kujua alipofunga mlango aliketi au la.

Sasa jambo lenyewe. Mama anauliza kama mpishi atarudi. Anauliza kana kwamba anauliza habari za kitabu, lakini anakuwa amenishika mkono, na anaubana. Sikumjibu, kwa sababu sina haki ya kujibu. Kaka hayupo, wifi. Hukuzaliwa na Mama, na hakuna kamba iliyokufunga humu. Tulikuacha ukabaki kwa sababu hukusema kitu, na sisi kimya chako kilitufaa. Ukiamua vingine, nitakaa naye mimi, nitaomba uhamisho, nitaungua nyusi zilizobaki. Na hata ukirudi, kila shule ikifungwa ni zamu yangu, nimemwapia yeye na sasa nakuapia wewe.

Niambie tu nimwambie nini. Alasiri inakaribia.

Wifi yako,
Mwalimu


13 Agosti

Wifi yangu Mwalimu,

Jiko la kushoto halina dawa. Tumia la kulia, ndivyo tunavyofanya wote.

Acha nikuambie ukweli kuhusu wanawake watatu likizoni, maana wewe umesoma tu na mimi niko humu ndani. Sindano anakoroma. Kicheko anacheka usingizini, na ukimwuliza asubuhi alicheka nini anakununia. Tumegombana kuhusu dirisha, tumegombana kuhusu chumvi, tumegombana kuhusu mume wa kwanza wa Sindano, ambaye hata hayupo. Hakuna aliyevaa nyeupe. Vyombo tunaosha kwa zamu, na zamu yangu ikiisha najikuta bado nimesimama kwenye beseni naosha na vya wenzangu, mpaka Kicheko akaninyang'anya sufuria akanitoa nje akafunga mlango kwa komeo. Nikakaa barazani. Sikujua mikono niiweke wapi.

Siku za kwanza nililala tu. Naamka, nakula, narudi kulala. Kisha asubuhi moja nikawa namenya chungwa, na machozi yakaanza kunitoka, bila mtu kunikosea. Yakatoka kwa muda mrefu. Wenzangu wawili wakaacha kugombana, wakakaa hapo kando yangu, wakanyamaza.

Haya, wakanyamaza. Furahi. Hazikuwa kurasa tatu, na ukimwambia mtu yeyote shuleni kwako nitakana. Kitabu bado sikipendi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nitakavyokubali. Mahali pa kamba nilipasoma nikiwa nimekaa majini. Ni kweli hakuna aliyenifunga, na nashukuru kwamba hatimaye kuna aliyelisema. Nililifikiria sana, wifi, sikufichi. Kuna siku mbili nzima kichwani mwangu nilikuwa nimeshaondoka, nimepanga chumba mjini, cherehani nimeiweka karibu na dirisha. Siku ya tatu nikajikuta naikasirikia ile cherehani kwa sababu hakuna anayeniuliza mpishi leo vipi. Mama yule ni wangu. Nilimpata kwa ndoa, kama mtu anavyopata jina, na kaka yako alipoondoka hakuondoka naye. Lakini sitarudi kukaa vile nilivyokaa. Nikichoka nitasema nimechoka, kwa mdomo wangu, na Mama atazoea. Zamu yako nimeishika, na usidhani nitasahau shule inafungwa lini.

Kwa hiyo leo alasiri keti kando yake, fungua kitabu popote upendapo, kisha msomee hivi, na usitie madoido:

Mpishi anarudi Jumapili, jioni. Ana vumbi la safari, na bega limepoa kidogo. Anapita langoni, anapita barazani, haendi jikoni. Anaketi mezani pamoja na wengine. Chai inakuja, na kwa mara ya kwanza katika kitabu hicho imeandikwa ni nani aliyeileta.

Yangu sukari vijiko viwili.

Fundi